Jengo Lisilosema

Kibao cha juu ya mlango wa Jengo la Themanini na Nane kilionyesha sitini na moja. Mwaka jana kilionyesha sitini na moja. Mwaka juzi vilevile. Semvua alikuwa amekaa ofisini tangu alfajiri akifungua kumbukumbu, akarudi nyuma miaka minane, na kwa miaka yote hiyo namba haikupanda wala kushuka.

Mashine za Idara ya Majengo hazikuona ubaya wowote. Mashine zilifundishwa kutafuta namba zinazoshuka, na namba iliyotulia zilihesabu kuwa ni jengo lenye afya. Lakini Semvua alikuwa na miaka sitini na mbili, arobaini kati ya hiyo ameitumia kuangalia kuta, na alijua kwamba katika Jiji la Mkondoa hakuna ukuta usiozeeka. Zege huchoka kama goti la mtu. Jengo lisilopoteza hata alama moja kwa miaka minane lilikuwa jambo la kwenda kutazama kwa macho.

Akavaa koti lake la kazi, akatia nyundo ndogo mfukoni, akaenda kwa miguu.

Jambo la kwanza alilogundua alipovuka kizingiti ni kwamba aliyasikia mapafu yake mwenyewe. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya kazi, jengo la ghorofa tano lenye watu mia mbili na kumi na wawili, na hakukuwa na sauti. Mtoto wa miaka minne hivi alishuka ngazi mbele yake akikanyaga kwa vidole, amevaa soksi tatu kila mguu. Milango yote ya korido ilikuwa imefungwa vitambaa kwenye kitasa na kwenye fremu. Mwanamke aliyekuwa anaosha sufuria alikuwa ameiweka juu ya godoro la zamani, akiizungusha taratibu kama anayemwogesha kichanga.

"Karibu, baba," sauti ilimwambia kutoka nyuma, kwa kunong'ona. "Viatu tunaacha pale."

Alikuwa mwanamke mzee, mfupi, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mgongo umenyooka. Semvua alikuwa ameliona jina lake kwenye karatasi: Mwavita, mwenyekiti wa wakazi, miaka sabini na sita.

"Shikamoo, Bi Mwavita. Naitwa Semvua, mkaguzi wa majengo."

"Marahaba, mwanangu. Sema polepole kidogo."

Semvua, mwenye mvi kichwa kizima, hakuwa ameitwa mwanangu siku nyingi. Akavua viatu.

Bi Mwavita akampitisha ghorofa baada ya ghorofa, tena kwa fahari. Miguu ya viti na meza ilikuwa imevalishwa mpira wa matairi, umekatwa vizuri na kushonwa kwa uzi wa viatu. Hiyo ilikuwa kazi ya Ponsiano, fundi viatu wa chumba cha kumi na mbili, ambaye alisimama mlangoni kwake akiegemea fimbo, mguu wake mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine.

"Viti vya jengo hili vina viatu vingi kuliko watu," Ponsiano alinong'ona. "Vingine nimevifanyia hadi soli ya pili."

"Usimchoshe mgeni," alisema mkewe Skolastika kutoka ndani.

"Ndugu mkaguzi, huyo ndiye mke wangu. Tumegombana miaka minane kwa kuandikiana karatasi. Ninashindwa kila siku, mwandiko wake mzuri."

Kisamvu walinunua kilichokwisha kutwangwa, Bi Mwavita alieleza. Vinu viliuzwa vyote. Harusi walifanyia uwanja wa mpira, ng'ambo ya barabara. Misiba pia. Mtu akifiwa alishikwa mikono na majirani wawili, akateremshwa ngazi akiwa amefunga mdomo, akavushwa barabara, na huko uwanjani ndiko alikoachiwa alie.

"Lakini kwa nini, mama?" Semvua aliuliza, ingawa moyo wake ulikuwa umeanza kulijua jibu.

Bi Mwavita akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Kwa ajili ya namba," alisema. "Miaka minane iliyopita ilikuwa sitini na sita. Ikaja harusi ya mjukuu wa jirani, ngoma siku tatu, watu wakacheza mpaka plasta ikadondoka. Harusi kwisha, sitini na moja. Alama tano kwa harusi moja! Nikawaita wote. Nikawaambia, tukiendelea hivi, miaka mitano tuko chini ya arobaini, na tukifika chini ya arobaini tunafungwa. Tangu siku ile hatujapoteza hata alama moja." Akatabasamu kwa aibu kidogo. "Hakuna jengo lingine mjini linalojitunza namna hii. Uliza."

* * *

Semvua alishuka peke yake hadi chini ya ngazi, kwenye nguzo ya kona ya kaskazini iliyobeba ghorofa zote tano. Akatoa nyundo.

Ofisini vijana walimcheka kwa nyundo ile. Alipewa na fundi aliyemfundisha uashi kabla hajaanza masomo ya jioni, kabla hajapata cheti, kabla mji haujajua kusikiliza kuta zake wenyewe. Zege zima hujibu nyundo kwa sauti kavu, ya juu. Zege lililokufa hujibu kama ngumi iliyopiga mto.

Akagonga. Nguzo ilijibu kama mto.

Akagonga juu zaidi, akagonga upande wa pili, akapiga magoti akagonga karibu na sakafu. Kisha akaweka nyundo chini na kusukuma kwa kidole gumba. Plasta ikabonyea. Nyuma yake palikuwa na mchanga mwekundu wa kutu, na ndani ya mchanga nondo zilizokuwa na unene wa kidole zilikuwa zimebaki na unene wa waya wa kuanikia nguo. Maji yalikuwa yamepita humo miaka mingi.

Alikaa sakafuni, mgongo ameugeuzia ile nguzo.

Baada ya Jumatano ya Vumbi, majengo matatu yalipoanguka asubuhi moja, jiji liliapa halitategemea tena wakaguzi wanaohongwa. Nyuzi nyembamba kama unywele zilipitishwa ndani ya kila ukuta wa Mkondoa, na nyuzi hizo kwa jumla watu waliziita Msikizi. Kila mlango unaobamizwa, kila mtoto anayeruka, kila mchi unaoshuka kinuni hutuma mtikisiko ukutani. Msikizi husikia mtikisiko huo chini, kisha huusikia juu, na hupima umechukua muda gani kufika. Zege zima hupitisha mtikisiko upesi. Zege bovu huuchelewesha. Kutokana na kuchelewa huko hutoka namba ya kibaoni.

Na pasipo mtikisiko wa kutosha, Msikizi hurudia namba ya jana. Wahandisi waliomtunga hawakuona shida hapo. Wao waliwajua watu. Nani angefikiri kwamba watu mia mbili wataishi mahali pamoja bila kelele?

Harusi ile haikulidhuru jengo. Harusi ndiyo ilikuwa mara ya mwisho jengo kupata nafasi ya kusema linaumwa. Na hawa, kwa kulipenda, wakaliziba mdomo.

Akatoka nje, akasimama kwenye jua na kumpigia simu kaimu mkuu wa idara. Edeltruda Mapunda alikuwa mwanafunzi wake zamani, darasa la jioni la hesabu za ujenzi, na mpaka leo, ingawa sasa ndiye mkubwa wake kazini, alimwita mwalimu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Nina swali la sheria. Mkaguzi akiona ubovu ambao Msikizi hakuuona, anafanyaje?"

"Anajaza fomu ya kupinga kipimo. Lakini lazima aeleze kwa nini jengo halikusema. Bila sababu fomu haipokelewi."

"Na sababu ikiwa ni kwamba wakazi walikuwa kimya?"

Upande wa pili kalamu iliwekwa mezani.

"Kwa muda gani?"

"Sema miaka."

"Hiyo ni kuzuia usikilizaji," Edeltruda alisema polepole. "Hiyo ni kuficha ubovu. Mwalimu, unaijua mwenyewe. Waliozeekewa na jengo wanapewa vyumba vingine humu humu mjini. Walioficha wanafutiwa kibali cha kuishi, wao na watoto wao. Wanapelekwa Uwandani."

"Hawakukusudia. Walifikiri kelele ndiyo inaharibu."

"Fomu haina mahali pa kuandika walifikiri nini." Akashusha sauti. "Unaniuliza kama nani? Maana simu hii inarekodiwa. Ukiniuliza kama mwalimu wangu, basi sijasikia bado ni jengo gani. Nitasubiri taarifa yako saa kumi."

Simu ikakatwa.

Semvua aliwahi kwenda Uwandani mara moja. Malori yalishusha watu mwisho wa barabara ya lami, palipoishia mabomba. Aliyoyaona kule hakumsimulia mtu, hata mkewe kabla hajafariki.

* * *

Alimwambia Bi Mwavita kila kitu. Walikuwa wamekaa jikoni kwake ghorofa ya nne, na binti yake, Mwanahawa, mwanamke wa makamo aliyeuza maandazi sokoni, alikuwa anamimina chai kwa kuinamisha birika mpaka ligusane na kikombe, isisikike hata ikidondoka.

Bi Mwavita hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Mimi ndiye niliyewaambia wanyamaze. Kwa hiyo ni mimi?"

"Ungejuaje, mama?"

"Sijakuuliza hilo."

Semvua akaitazama chai. "Ndiyo," alisema. "Ulikuwa wewe."

Mwanahawa akaweka birika chini. "Si ungesema hapana tu?"

"Mwache," alisema mama yake. "Afadhali mtu mmoja humu ndani aseme kwa sauti." Akamgeukia Semvua. "Sasa wewe umekuja jikoni kwangu kunipa habari hizi na kwenda zako, au una jingine?"

Alikuwa nalo. Alilitunga palepale nje kwenye jua, na tangu alitunge alikuwa analiogopa.

Jengo likijisema lenyewe, hakuna mtu atakayeulizwa kwa nini halikusema. Ikitokea leo mchana watu wa Themanini na Nane wakatwanga, wakaruka, wakabamiza milango, Msikizi atasikia. Namba itaanguka hadi ilipostahili kuwa. Kibao kitawaka nyekundu, na kumbukumbu zitaonyesha jengo lililozeeka likachoka. Watu mia mbili na kumi na wawili watapata vyumba.

"Basi wote tutoke, wewe uingie na nyundo yako upige," alisema Mwanahawa.

"Msikizi hakubali. Wenye majengo zamani walikuwa wanawatoa wapangaji siku ya kipimo ili kupunguza uzito. Sasa lazima robo ya wakazi wawe ndani, anawahesabu kwa nyayo. Watu hamsini na watatu. Mimi sihesabiwi."

"Na nguzo?" Bi Mwavita aliuliza.

"Kwa hesabu yangu Msikizi anahitaji dakika kumi. Nguzo itavumilia robo saa." Akasita. "Kwa hesabu yangu."

"Umewahi kukosea?"

Swali hilo lingemfurahisha siku nyingine yoyote. Miaka arobaini, na nyundo haikuwahi kumdanganya mara moja. "Kuhusu ubovu, sijawahi," alisema. "Kuhusu muda, sijawahi kujaribu."

Angeweza kuandika ukweli saa kumi, na hakuna ambaye angekufa leo. Wangekufa Uwandani, kidogokidogo, mbali na macho yake, na jina lake likabaki safi. Angeweza kuandika sitini na moja, aondoke, na jengo lingewaangukia siku yake, labda mwezi ujao, labda watoto wakiwa wamelala. Au angeweza kuwaomba watu hamsini na watatu waingie chini ya nguzo ambayo yeye, na ni yeye tu, alijua imekufa.

"Mimi siwezi kuwaamulia," alisema.

"Umeshaamua," alijibu Bi Mwavita, akasimama. "Ungekuwa hujaamua usingepanda ghorofa nne. Mwanahawa, waite watu. Watoto wapelekwe uwanjani."

* * *

Walikutana ua wa nyuma, wamejipanga kama watu wanaosubiri maiti itolewe. Bi Mwavita alisema mwenyewe, hakumwachia mkaguzi. Hakuficha kitu: nguzo, Uwandani, dakika kumi, robo saa. Aliposema kwamba kimya kilikuwa kosa, baadhi waliinamisha vichwa, na mwanamume mmoja aliyewahi kumzika mtoto wake bila sauti alikaa chini ghafla.

"Nataka watu hamsini na watatu," alimaliza. "Mwenye mtoto mchanga hapana. Mgonjwa hapana. Mimi ni wa kwanza."

"Mama, ghorofa ya nne ni mbali na mlango," alisema Semvua. "Kaa chini."

"Juu nani atatwanga? Wewe umesema Msikizi anataka kusikia kutoka kila ghorofa. Wale vijana wapeleke chini, wana mengi ya kukimbilia."

Mikono ikaanza kuinuka. Ponsiano akainua fimbo yake.

"Wewe hapana," alisema mkewe kwa kunong'ona. "Mguu huo utakutoa lini?"

"Skola, viti vile nimevivalisha mimi. Ni haki yangu kuvivua."

"Nitakuvulia. Wewe nenda ukahesabu watu wanaotoka." Akamsukuma kifuani, taratibu, kwa vidole viwili. "Na usiandike. Sema kwa mdomo."

Watu wakacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Ponsiano hakucheka. Akaenda mlangoni.

Vinu viliazimwa jengo la jirani, vinu tisa na michi yake, na majirani waliokuwa wamewaita "wale wa soksi" kwa miaka minane walisimama barabarani wakishangaa. Semvua aliwapanga watu kwa ghorofa, akawaonyesha njia ya kutokea, akarudia mara tatu: wakisikia filimbi, kila mtu aache alichoshika na ashuke. Akaipuliza kuwajaribu. Kwenye ua ule wa kimya filimbi ilipasua masikio. Watu waliruka, wengine wakaziba masikio kwa viganja.

Kila mmoja aliitikia kwamba ameisikia. Semvua akaridhika. Baadaye, kila alipofumba macho, aliliona jambo hilo: mtu mzima, mwenye cheti, aliipima filimbi ndani ya kimya.

* * *

Saa saba na dakika ishirini Bi Mwavita akashusha mchi wa kwanza.

Ulikuwa mlio mmoja tu, mzito, na jengo zima likaonekana kushtuka. Kisha ghorofa ya pili ikajibu, kisha ya tano. Milango ikaanza kubamizwa. Mtu akaburuta kabati. Semvua alisimama chini ya ngazi, kiganja kwenye nguzo, jicho kwenye kishikwambi kilichoonyesha namba ya kibao. Sitini na moja. Sitini na moja. Msikizi alikuwa kama mtu aliyeamshwa, anatafuta wapi alipo.

Hamsini na nane.

Hamsini na mbili.

Huko juu watu walikuwa wameanza kwa woga, wakitwanga kama wanaoomba radhi. Lakini mikono ina kumbukumbu zake. Dakika ya tatu michi ilikuwa imepatana, mmoja ukishuka mwingine ukipanda, na dakika ya nne mwanamke mmoja, hakujulikana nani, alipiga kigelegele. Kikajibiwa ghorofa ya juu. Kikajibiwa tena. Mtu akaanza wimbo wa harusi, na wengine wakaudaka kabla hajamaliza mstari, na nyayo zikaingia, nyayo za watu wasiokanyaga kwa kisigino tangu wakiwa na nywele nyeusi. Skolastika alisikika akipiga kelele kwa nguvu zake zote kupitia dirishani: "Ponsiano! Ulikuwa unakoroma! Miaka minane, unakoroma!" Na Ponsiano mlangoni, machozi yakimtoka, alipayuka: "Muongo wewe!"

Arobaini na saba. Arobaini na tatu.

Nguzo ilikuwa inatetemeka kiganjani mwa Semvua. Vumbi jekundu lilianza kumiminika kutoka kwenye tundu la kidole chake, jembamba, mfululizo.

Arobaini na moja. Dakika ya nane.

Thelathini na tisa. Kibao kikawaka.

Akapuliza filimbi.

Akaipuliza tena. Hakuisikia hata yeye mwenyewe. Ngazi zote zilikuwa zimejaa wimbo, vinu, vigelegele na milango, na mlio wa filimbi ulizama humo kama tone kwenye pipa. Akakimbia hadi ghorofa ya kwanza akiwavuta watu mikono, "Tokeni! Tokeni! Imetosha!" Waliomwona walishuka. Akapanda ya pili, akawanyang'anya michi, akawasukuma. Walicheka, wakadhani anacheza. Kisha walipouona uso wake wakaacha kucheka na kukimbia. Alipofika katikati ya ngazi za kwenda ya tatu, alisikia chini yake sauti aliyokuwa ameisikia mara moja tu maishani, ile Jumatano: kitu kikubwa kikivuta pumzi.

Kona ya kaskazini ilikwenda yote pamoja, kutoka juu mpaka chini, kama shuka linaloteremshwa kwenye kamba, na ngazi alizosimama Semvua zikabaki zikining'inia.

* * *

Walitoka arobaini na saba. Ponsiano aliwahesabu kwa mdomo, kama alivyoambiwa. Alipofika arobaini na saba alisubiri, akitazama mlango, kisha akaanza tena kutoka moja.

Saa kumi kamili Edeltruda Mapunda alifika uwanja wa mpira. Wafu sita walikuwa wamelazwa karibu na goli, wamefunikwa kanga, Bi Mwavita na Skolastika kati yao. Alivua kofia mbele yao, kisha akaja alipokaa Semvua, akachuchumaa kama mwanafunzi.

"Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa."

"Jengo lilijisema. Thelathini na tisa, saa saba na dakika ishirini na nane. Kumbukumbu ipo." Alifungua kishikwambi chake juu ya magoti. "Wote watapata vyumba. Lakini kuna vifo, kwa hiyo kuna maswali. Nitakusomea, utajibu, halafu utaweka kidole. Swali la kwanza: je, mkaguzi aliufahamu ubovu kabla ya jengo kujisema?"

Semvua alitazama mikono yake. Ilikuwa myekundu kwa kutu. Akijibu ndiyo, lingefuata: kwa nini basi jengo halikuwa limesema? Na malori yangekuja.

"Hapana," alisema.

Edeltruda alijua. Alikuwa amekaa darasani akimwona mzee huyu akigonga matofali kumi na kuutaja ufa wa kila moja akiwa amefumba macho. "Ulipima nguzo kwa nyundo?"

"Niliipima."

"Ukasikia nini?"

"Sikusikia kitu," alisema Semvua, na miaka arobaini ikaandikwa hivyo, kwa herufi ndogo.

"Swali la mwisho." Sauti yake ilipungua. "Mtikisiko ulikuwa wa makusudi. Watu hamsini walitwanga kwa pamoja. Fomu inataka jina la aliyeamuru. Jina moja. Haliwezi kuachwa wazi, na haliwezi kuwa lako, kwa sababu umesema hukujua."

"Atafanywa nini mtu huyo?"

"Anahesabiwa amewaua. Jina lake linasomwa sokoni siku arobaini. Kama ni mfu, hazikwi mjini."

Semvua alijaribu kufikiri jina lolote, jina la kubuni, jina lake. Nyuma yake watu walikuwa wamesogea. Walikuwa wamesikia kila neno. Miaka minane ya kunong'ona ilikuwa imewapa masikio.

Ponsiano ndiye aliyekuja mbele. Alikuja bila fimbo, akiyumba, akakiinamia kishikwambi ili sauti iingie vizuri.

"Aliyeamuru ni Mwavita," alisema. "Mwenyekiti wetu. Mkaguzi hakuwepo. Alisema anataka ngoma, na sisi tulikuwa tunamwogopa."

"Ponsiano..." Semvua alianza.

"Nyamaza wewe," alisema Ponsiano, bila kumtazama. "Umeshasema ya kutosha leo."

Mwanamume aliyemzika mtoto wake bila sauti akafuata. "Ni Mwavita." Kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kisha vijana wawili wa ghorofa ya kwanza. Walijipanga bila kuambiwa, kila mmoja akasema jina, akasogea pembeni na kukaa na mgongo wake umeelekea goli.

Wa mwisho alikuwa Mwanahawa. Vumbi lilikuwa limemkauka usoni, na hakuwa amelipangusa.

"Wewe ni nani wa marehemu?" Edeltruda aliuliza, maana fomu ilitaka.

"Binti yake."

"Una neno?"

Mwanahawa alitazama watoto waliokuwa uwanjani, mmoja mmoja, kana kwamba anawahesabu. "Mama yangu alikuwa mtu wa fujo," alisema. "Hakusikia la mtu. Tulimwambia anyamaze, akakataa."

"Nahitaji utaje jina."

"Mwavita binti Ramadhani Kilemile," alisema Mwanahawa, kwa sauti kubwa, hata walio ng'ambo ya barabara wakageuka. Kisha akaenda kusimama kwenye foleni ya watu waliokuwa wanaandikiwa vyumba.

Edeltruda akamsogezea Semvua kishikwambi. Kilimuuliza kama anataka kubadilisha jibu lolote. Akaweka kidole.